Maikrofoni Isiyoaminika ya Darasa la Nne

Ni alfajiri, giza bado zito, na jikoni kwa Taos Hamadouche kuna mluzi mwembamba, kama birika linalotaka kuchemka. Si birika. Ni vifaa vya kusikia vya mwanafunzi wake, alivyokuja navyo jana jioni kuvisafisha, vinalia ndani ya bakuli. Anavitoa na kuvifuta nta polepole, kama anayemfuta mtoto pua.

"Mwenyewe hausikii mluzi huu," anacheka. "Unaniamsha mimi."

Taos, 31, ni msaidizi wa darasa katika shule moja ya msingi mjini Akbou, Aljeria, kwa dinari elfu ishirini na mbili kwa mwezi. Kazi yake ni kuhakikisha Tinhinan, mtoto wa miaka tisa asiyesikia vizuri, anafuata masomo sawa na wenzake. Mwalimu huvaa maikrofoni ndogo shingoni, na sauti yake humfikia mtoto moja kwa moja masikioni.

Shida ni kuipata shingo ya kuivaa.

Mwalimu wa darasa hilo, Wardia, anayekaribia kustaafu, huifunga kwenye leso na kuitupia drooni.

"Ofisi ya mkuu iko hapo ng'ambo ya ua," anasema. "Nitajuaje kitu hiki hakimpelekei sauti yangu? Mwenzetu alihamishiwa jangwani kwa maneno aliyoyasema katika chumba cha walimu. Nani aliyapeleka? Wewe Taos, mwanangu, unamjua?"

"Simjui, Mwalimu."

"Basi na mimi sikujui."

Taos naye hamwamini. Mara mbili amekuta betri ya maikrofoni imewekwa kinyume. "Naambiwa imejigeuza," anasema. "Tangu lini betri ikajigeuza?"

Sasa mkuu wa shule ametoa muda hadi Alhamisi. Wardia akiendelea kukataa, Tinhinan atapelekwa bweni la viziwi huko Aljeri, mji mkuu, mbali na mama yake.

"Akibaki, nitawafuata watoto wengine wawili wasiosikia, waliofungiwa nyumbani kule mlimani," Taos anasema. "Wazazi wao wananitazama mimi. Huyu akiondoka, nitawaambia nini?"

Jumatano, Wardia anakubali kuivaa kwa kipindi kimoja tu cha hesabu, huku akinung'unika. Katikati ya somo, mwalimu wa darasa jirani anamwita. Wardia anatoka na kufunga mlango, maikrofoni ikining'inia shingoni.

Huko nje ananong'ona: "Sema taratibu, dada yangu. Mkuu anatusikia. Nikiteleza ulimi, naondoka bila pensheni."

Darasani sauti hiyo haivuki mlango. Taos, aliyeketi kando ya Tinhinan, anamwona mtoto ameacha kuandika, macho yameelekea mlangoni. Kifaa kimekufa tena? Nani amekigusa safari hii?

Wardia anarudi, anaokota chaki. Tinhinan anasimama.

"Mkuu hasikii, Mwalimu, nasikia mimi."