Mnara Uliompa Mama Mkwe Mgongo

Niliwahi kupelekwa Pwani kuonyeshwa mnara wa ulinzi wa zamani, wa mawe, na kijana mmoja akatueleza kwa kirefu ni adui gani aliyetazamiwa kutoka baharini. Nikajisemea, mbona wetu hauna tiketi? Wa kwetu, karibu na Kianjokoma, ulikuwa wa magogo na mabati, na ulijengwa na adui mwenyewe, yaani mama yangu na majirani zake. Walichimba handaki kuzunguka kijiji, wakalijaza vigingi vilivyochongwa, wakainua mnara ili wachungwe vizuri. Malipo hayakuwepo, lakini heshima tulipewa tele.

Hiyo ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Ati serikali ya kikoloni ilitukusanya ili tulindwe dhidi ya watu wa msituni waliopigana nayo, ambao wengine wao walikuwa wajomba zetu. Shambani tuliruhusiwa kidogo tu, kisha filimbi, kila mtu ndani. Chakula kikaisha. Mdogo wangu, aliyekuwa bado ananyonya, alidhoofika hadi akaacha kulia, maana mama hakuwa na maziwa. Na kule mtoni, nje ya handaki, nduma zetu, yaani magimbi, zilikuwa zinaoza ardhini.

Basi afisa wa Kizungu, bingwa wa vita, akatafuta homgadi, mlinzi mwenyeji wa serikali, mwenye macho makali wa kukaa mnarani mchana. Akamchagua shemeji, mume wa dada yangu. Macho alikuwa nayo kweli. Ila hakuna aliyejisumbua kumweleza afisa kwamba kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia kichakani. Na nyumba ya mama ilikuwa pale chini ya mnara, upande wa mto. Shemeji akapanda na bunduki yake, akaupa mto mgongo, akailinda nusu ya kijiji kwa bidii ya ajabu.

Mama hakungoja kuambiwa. Alijifunga leso, akashuka handakini, akapenya kati ya vigingi alivyovichonga mwenyewe, akarudi na nduma. Mtoto akaanza tena kulia, nasi tukafurahia kelele zake.

Siku moja afisa akapanda mnarani bila taarifa, mama akiwa ndani ya handaki, nguo juu ya magoti, kiondo cha nduma mgongoni. Mimi nilikuwa mlangoni na mtoto mapajani. Niliogopa, kwa sababu waliokutwa pale walipigwa risasi kwanza, majina wakaulizwa baadaye. Afisa alifoka kwamba adui haji kwa zamu, upande mmoja leo na mwingine kesho. Akamshika shemeji mabega, akamgeuza. Kisha akavua miwani yake iliyojaa jasho, akaanza kuifuta, akauliza anaona nini.

Shemeji alimtazama mama moja kwa moja. Mama naye alimtazama.

“Sioni mtu, bwana.”

Nilikuwa namchukia kwa lile koti la homgadi. Siku ile nilimpenda.

Mama aliingia nyumbani akiwa na aibu kuliko woga. Alichemsha nduma, akampondea mtoto kidogo, mtoto akameza. Kisha akachagua iliyo kubwa kuliko zote, akampa dada ampelekee mumewe. Dada akasita, akauliza aseme nini, maana mkwe hatumiwi chakula hivi hivi.

“Mwambie mwanangu ale.”

Hakumwita mkwe tena, hata siku tuliyomzika shemeji.