Mikono Iliyonuka Korosho

Enzi zetu pale Temeke, watoto tulijuana kwa harufu. Wa muuza samaki walinuka samaki, na sie wanne tulinuka moshi wa korosho. Wazazi wetu walitoka kusini kufuata kazi mjini, wakafariki kwa kufuatana. Mie mkubwa nikaacha shule, nikashika nafasi ya mama kiwandani, kibarua cha kubangua.

Asubuhi tulikunywa uji wa muhogo, wadogo wakaenda shule, nami kazini. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Tulijipaka majivu, lakini ngozi ilichunika vilevile, ikarudi nyeusi kama sufuria ya kuni. Jioni tukicheza mdako, wenzangu walinitania:

"Zainabu, nawa kwanza!"

"Nimenawa!"

"Kwa masizi?"

Tukarusha kokoto, nikawafunga hivyohivyo.

Zama hizo kila mtu alitakiwa kufanya kazi, na asiye na kazi mjini alirudishwa kijijini akalime. Jumapili moja mgambo walitukuta sokoni Buguruni, mie na Salima, kitindamimba wetu. Vibarua hatukuwa na vitambulisho.

"We binti, unafanya kazi wapi?"

"Shikamoo, afande. Nabangua korosho."

"Leo kila mtu anabangua korosho! Panda gari."

Salima akaning'ang'ania gauni. Niliwaza jambo moja tu: nikiondoka na lori lile, nani atawalea? Mama alizoea kusema, "Mkubwa halii mbele ya wadogo." Sikulia. Nilimnyooshea afande viganja vyote viwili. Akavitazama, akavinusa, akaguna.

"Mzururaji hana mikono hii. Haya, nendeni nyumbani."

Nikaendelea kubangua mpaka wote watatu wakamaliza shule.

Juzi nilikwenda Tabata kusajili laini ya simu, Salima akanisindikiza. Kijana wa pale, asiyeinua macho kutoka kwenye kioo cha simu yake hata kutoa shikamoo, alinibonyezesha kidole mara nyingi.

"Bibi, vidole vyako havina alama. Mashine haikutambui."

Nilicheka. Enzi zetu mgambo alinitambua kwa pua. Siku hizi mtu mzima mwenye wajukuu anakataliwa na kidude kidogo kama kipande cha sabuni.

"Basi jaribu changu," Salima akasema, "isajiliwe kwa jina langu."

Akabonyeza mara moja tu, kidude kikakubali. Nilikitazama kidole kile cha Salima, mwalimu mstaafu. Hakijawahi kuungua hata siku moja. Nilihakikisha mwenyewe.