Nyota ya Mwanzo wa Kasete

Jana, kwa fundi wa televizyo huko Shari, nilisikia harufu ya vumbi linaloungua ndani ya televizyo ya zamani, na wivu wa utotoni ukanirudia.

Kwetu Saio, televizyo ilikuwa moja tu, kwa binti wa jirani. Mwanzoni mwa kila kasete alituacha dirishani tutazame alama ya kampuni iliyotengeneza filamu: nyota ya dhahabu ikizunguka polepole, tarumbeta zikilia. Nyota ikizimika, alivuta pazia.

"Sasa filme inaanza. Murudi kwenu."

Basi nikajitungia filamu zangu. Shuleni, wakati wa mapumziko, niliwasimulia wenzangu: nyota, tarumbeta, kisha farasi anayevuka mto na mtoto mgongoni.

Siku moja yule binti akanisikia. "Ni bongo! Anadanganya! Farasi haiko mule ndani."

Uso uliniwaka. Lakini mwenzangu mmoja akasema, "Umuache aendelee."

Nikaendelea, na yule binti akabaki amesimama, anasikiliza. Kengele ilipolia alinifuata mbio.

"Ile farasi, ilivuka?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilitazama viatu vyake vipya, nikaingia darasani bila kumwambia.