Vitabu vya Mashetani Chini ya Kuku

Miaka ile Venisi ilikuwa na watu wengi mno waliotaka kuongea na shetani, hata ungejiuliza maskini huyo analala saa ngapi. Makabaila walimtaka awapangie karata. Watawa walimtaka awaonyeshe hazina zilizozikwa. Wanawake walioachwa walimtaka awarudishie mabwana zao, ikiwezekana wakiwa wamepungua kitambi. Hakuna hata mmoja aliyetaka kwenda jehanamu. Wote walitaka jehanamu ndiyo iwajie nyumbani, isimame nje ya duara la chaki, ipokee maagizo kwa adabu, kisha iondoke bila kuvunja vyombo.

Kwa kazi hiyo palikuwa na vitabu, na ndani ya vitabu hivyo orodha ndefu za mashetani wenye vyeo: huyu mtemi, yule jemadari, huyu anafundisha hesabu, yule anapatanisha marafiki waliogombana. Bastian Zorzeto, sakristani wa kanisa dogo katika mtaa wa Cannaregio, alipoiona orodha kama hiyo mara ya kwanza aliguna, akasema, "Kumbe hata kuzimu hakuna anayefanya kazi. Wote ni wakubwa."

Bastian alikuwa mtoto wa msokota kamba. Alizaliwa na mguu mmoja mfupi, na baba yake alipoona huyu hatafaa kuvuta kasia wala kupanda mlingoti, akampeleka kanisani, mahali ambapo watu hupeleka kila kisichofaa kwingine. Alifagia, akapiga kengele, akatandika altare. Mkewe alifariki akimzaa Anzola, binti yao wa pekee. Ndipo dada yake Menega, mjane mwenye mikono mikubwa na mdomo wa kutosha mikono hiyo, akahamia kwake kulea mtoto, kufua vitambaa vya altare, na kufuga kuku katika ua mdogo nyuma ya sakristia.

Sasa, kitabu cha kuita mashetani si kitu cha kununua tu ukaenda zako. Kilikuwa na masharti kuliko mwali. Sharti ukinakili kwa mkono wako mwenyewe, kwenye ngozi ya mwanambuzi ambaye hakuwahi kuona jua. Na hata ukimaliza, kitabu bado ni maiti. Hakina nguvu mpaka kisomewe misa. Ndiyo, misa. Waliotaka kumwita adui wa Mungu walihitaji kwanza baraka ya Mungu, na hawakuona ajabu yoyote katika jambo hilo. Na kwa kuwa padre mwenye akili zake hawezi kukubali, dawa ilikuwa kukificha kitabu chini ya vitambaa vya altare, padre asome misa juu yake bila kujua. Na anayetandika vitambaa vya altare ni nani? Ni sakristani.

Mteja wa kwanza alikuwa kabaila mmoja mnene, Mheshimiwa Alvise, aliyeleta kitabu chake ndani ya kikapu chenye kabichi juu. Bastian alikipokea kwa hofu. Hakumwogopa shetani. Alimwogopa Padre Lunardo, paroko wake, ambaye alikuwa na mazoea ya kuegemea altare kwa viganja vyote viwili, na ambaye angekigundua kitabu chini ya kitambaa kama mtu anavyogundua kokoto kwenye kiatu. Kwa hiyo Bastian akazunguka nyuma, akamnyanyua kuku mmoja mwekundu aliyekuwa ameatamia, akakizika kitabu ndani ya majani. Misa zilipotimia akakitoa, akakifuta kwa siki, akakirudisha kwa mwenyewe akiwa ameinamisha kichwa kwa heshima.

Mwezi haukuisha, Mheshimiwa Alvise akarudi amejaa tabasamu. Alikuwa amewanyoa wenzake wote kwenye karata. Akamkumbatia Bastian na kumwita ndugu. Kesho yake akaja mwenzake naye na kikapu chenye kabichi.

Hivyo ndivyo Bastian alivyopata kazi ya pembeni. Vitabu vikaja, vikalaliwa na kuku, vikaondoka, na kila mwenye kitabu akarudi na ushuhuda. Mashetani walikuwa wakitii kuliko watumishi wa nyumbani. Mtawa mmoja, Fra Celestin, alisema kwamba alipofungua kitabu chake harufu kali ilimpiga puani mpaka akatoka machozi.

"Harufu ya jehanamu yenyewe, Bastian! Sijawahi kunusa uvundo kama ule."

"Pole sana, Fra," alisema Bastian, huku akimtazama kuku mwekundu akipita.

Jioni, Bastian na Menega waliwacheka wateja wao mpaka sadini zenye vitunguu na siki zikawapalia. "Wajinga ndio wenye majumba makubwa," Menega alipenda kusema. "Sisi wenye akili tunalala chumba kimoja."

Kisha Anzola akashikwa na homa.

Ilikuwa homa ile mbaya inayotoka kwenye mifereji wakati wa joto. Mganga alikuja, akamtoa damu, akaja tena, akatoa nyingine, na aliona fahari sana kwa jinsi mtoto alivyotulia baada ya hapo. Menega aliweka nadhiri kwa kila mtakatifu mwenye picha mtaani. Anzola hakula, hakunywa, na siku moja alimtazama baba yake akamwita jina la mama yake, mama ambaye hakuwahi hata kumwona.

Wakati huo palikuwa na kitabu cha mtu chini ya kuku. Bastian huyu huyu, aliyekuwa akicheka mpaka sadini zinampalia, akakifuata, akakifungua, akatafuta ukurasa wa homa. Akachora duara kwenye karatasi, akaandika majina yote ya duara, na katikati akaandika Anzola. Alipomaliza hakuitupa karatasi ile chini ya kuku. Mambo ya kuku yalikuwa kwa ajili ya watoto wa watu wengine. Kabla ya misa ya asubuhi aliiingiza chini kabisa, chini ya kitambaa cha mwisho chenye nta, ambacho huondolewa mara moja tu kwa mwaka. Hakumwambia mtu, hata Menega. Misa ilipoanza, akapiga magoti nyuma ya nguzo, na Padre Lunardo alipoegemea altare kwa viganja vyake, Bastian alifumba macho na kuomba, wala hakuuliza ombi lenyewe linakwenda kwa nani.

Kabla ya wiki kwisha Anzola aliketi kitandani akauliza kama kuna chochote cha kula.

Bastian alilia kama mtoto. Na karatasi hakuigusa tena. Alipotandika altare alipitisha mkono juu juu tu, mbali na mahali pale. Alijiambia kwamba ni uvivu. Wateja aliendelea kuwacheka, ila sasa alikuwa wa kwanza kunyamaza.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya Fra Celestin, ambaye alikuwa amechimba bustani yote ya mboga ya watawa wenzake akitafuta hazina, na hazina haikuonekana, na mboga hazikuonekana tena pia. Alipobanwa alitaja kila kitu, na alipoishiwa cha kutaja akamtaja Bastian. Askari wa Baraza la Imani, mahakama ya kanisa, wakaja. Wakavua altare vitambaa vyote mpaka kwenye jiwe, na Bastian akasimama pale akingoja karatasi ionekane.

Hawakukuta kitu.

Askari walikuwa wakiondoka mikono mitupu, isipokuwa askari mmoja alitamani yai. Akapeleka mkono chini ya kuku mwekundu, akatoa kitabu. Akapeleka tena, chini kabisa, akatoa karatasi.

Mbele ya Baraza, Bastian alijua vizuri njia ya kutokea. Kuchafua altare kungempeleka kwenye makasia ya merikebu maisha yake yote, mguu mfupi usimsaidie. Kudanganya wajinga kulikuwa dhambi ndogo. Akakiri kila kitu kwa furaha.

"Chini ya kuku," alirudia Padre Mchunguzi, mzee mkavu mwenye mafua.

"Chini ya kuku, Baba Mheshimiwa. Vyote. Altare ya Bwana sikuigusa."

"Na wateja wako? Mashetani waliwatokea?"

"Wanasema waliwatokea, Baba. Tena kwa adabu sana."

Karani alijifanya anakohoa. Padre Mchunguzi akapenga kamasi, akaonekana kama mtu ambaye kwa mara ya kwanza mwaka ule amefurahia kazi yake. Akasema Bastian ni tapeli, si mzushi wa dini, na tapeli hukaa mlangoni mwa kanisa na mshumaa wa toba, kisha anakwenda kwake. Kilichobaki ni kiapo. Aweke mkono juu ya Injili, avikane vitabu.

"Navikana!" Bastian hakungoja hata mwisho wa swali.

"Na karatasi hii." Padre Mchunguzi akaiinua. "Useme: naikana, haina nguvu, haijawahi kuwa na nguvu, na kazi yake yote iwe bure."

Bastian akafungua mdomo. Aliliona duara, na jina katikati. Akafumba mdomo.

"Sema, mwanangu."

"Hiyo siwezi, Baba."

Padre Mchunguzi akashusha karatasi. "Juzi alikaa hapo mwanamke aliyejidai ni mke wa shetani, ndoa kabisa. Alimkana mumewe kabla sijamaliza sentensi. Wewe unasema huamini hata chembe, halafu unashindwa?"

"Nashindwa."

"Anayeshindwa tunamwita mkaidi. Unajua mkaidi anakwenda wapi?"

"Najua, Baba."

Wakamrudisha chumba cha mahabusu. Fra Celestin, aliyeamini kila neno la kitabu chake, alikwishakana, akasamehewa, na alikuwa nyumbani akipanda kabichi. Mahabusu alibaki mtu mmoja, na ndiye yule aliyekuwa akiwacheka wote.

Menega alikuja na sima ya mahindi ndani ya kitambaa, akaitupa mapajani mwake.

"Kula, mjinga wewe. Mtaa mzima wanasema umegoma kuapa. Umeoa kuzimu?"

"Dada, nikisema kazi ya karatasi ile iwe bure, homa itarudi."

"Homa gani?"

"Ya Anzola. Karatasi niliiandika mimi, nikaiweka kweli, Menega. Si kwa kuku. Altareni, chini ya kitambaa cha nta. Sijui ilitokaje pale. Nadhani..." Akashusha sauti. "Nadhani wenyewe ndio walioihamisha."

Menega akajipiga kiganja kwenye paji la uso.

"Wenyewe! Ni mimi niliyeihamisha! Nilikuja asubuhi ile kubadilisha vitambaa, Padre alikuwa amemwaga nta kila mahali hadi ikapenya chini. Naona karatasi, nami kusoma sijui. Nikasema kaka yangu amechanganyikiwa kwa ugonjwa wa mtoto, ameacha kazi ya watu mahali pa hatari. Nikaipeleka kwa kuku, nikaizika chini kabisa ya majani. Niliwaza tu tusije tukafungwa."

"Asubuhi ipi?"

"Ile ile. Padre alikuwa bado anavaa."

"Kabla ya misa?"

"Kabla! Nikuambie mara ngapi? Haijasomewa hata Baba Yetu. Ilisomewa na kuku."

Bastian alicheka. Alicheka mpaka mlinzi akachungulia, na katikati ya kicheko akagundua kwamba analia. "Sasa ni nani aliyemponya?"

"Mimi siku zote nilidhani ni supu yangu," alisema Menega, naye akaanza kulia, kwa hasira. "Mtoto anakuuliza kila siku. Kesho uape, Bastian. Usipoapa nitakuja niape mimi kwa mdomo wako."

Akaapa. Maneno yote yalitoka vizuri, hata yale ya mwisho, "na kazi yake yote iwe bure". Kisha alipofunguliwa mlango hakumshukuru mtu. Alikimbia na mguu wake mfupi, madaraja yote, akigonga watu na mabeseni ya samaki, akaingia uani akihema. Anzola alikuwa ameketi kwenye ngazi akimenya vitunguu saumu.

"Baba! Wamekufukuza?"

Bastian aliweka kiganja kwenye paji la uso wa mtoto, akakiacha hapo.

"Baba, mkono wako unanuka gereza."

"Nyamaza kidogo," alisema. "Nyamaza tu kidogo."

Padre Lunardo alimrudishia kazi, kwa kuwa altareni hakukukutwa kitu na sakristani mwingine angedai kulipwa. Wateja hawakuweza kumshtaki, maana nani angemshtaki bila kujishtaki mwenyewe? Ni Mheshimiwa Alvise peke yake aliyekuja, na safari hii hakuleta kabichi.

"Hata changu?"

"Hata chako, Mheshimiwa. Kilikuwa cha kwanza."

Bastian alijiandaa kwa kofi. Mheshimiwa Alvise akatazama kushoto, akatazama kulia, akamsogelea sikioni.

"Huyo kuku," alinong'ona, "unamuuza?"

Zamani Bastian angekuwa na la kumsimulia Menega mwaka mzima. Alisema tu, "Hauzwi," akafunga mlango.

Kuku mwekundu aliacha kutaga, akawa na upara shingoni, akawa anakula bure kama kabaila. Krismasi ilipofika Menega alinoa kisu, akasema kuku mzee ni mtamu akichemshwa polepole. Ndani Anzola alikuwa anakohoa, kikohozi kidogo tu cha baridi, kama cha watoto wote wa mtaa. Bastian alitoka uani na mguu wake mfupi, akambeba kuku, akasimama naye kifuani.

"Kaka," alisema Menega, "si ulikuwa unawacheka?"

"Nawacheka mpaka leo."

"Basi mlete."

Bastian hakumleta. Menega aliwatazama wote wawili, kaka yake na yule kuku, akasikia mtoto akikohoa tena ndani. Akafuta kisu kwenye aproni yake, akenda kununua samaki.