Kisu Kilichoshikwa Kikiwa Kimepinda

Urvashi alipomaliza shule pale Kilakala, ilijulikana kwamba atakaa kaunta ya duka la baba yake mpaka aolewe. Mzee Parag alikuwa akiuza vipuri vya mashine za kukoboa na kusaga, na binti alikaa kaunta kweli. Tatizo ni kwamba kila mteja aliyeleta kipuri kilichovunjika alihojiwa. Kimevunjikaje? Kwa nini hapa na si pale? Aliyekitengeneza alikuwa anafikiria nini? Mtu aliyekuja kununua beringi aliondoka baada ya nusu saa, wakati mwingine bila beringi.

"Huyu mtoto hauzi, anapeleleza," alisema baba yake. Basi lilipofungwa shamba moja la mkonge upande wa Kimamba, mzee akanunua kerezo lake kuukuu, mashine ya kuchongea vyuma, akaliweka kwenye kibanda nyuma ya duka, ili maswali ya binti yake yapate pa kwenda.

Kerezo hilo lilikuja na mtu. Salehe, Mluguru wa Matombo, ndiye aliyelitumikia kule shambani, na siku ya kulipakia kwenye lori alimwambia mzee Parag bila kona, "Ukilichukua hili unichukue na mimi. Mgeni litamkata vidole." Alichukuliwa. Wakati huo yeye na Urvashi walikuwa vijana. Leo wote wana mvi, mzee Parag ameshafariki, kibanda kimekuwa karakana yenye mashine tano za aina mbalimbali, na wawili hao ni wabia. Urvashi humwita kaka Salehe. Salehe humwita mama Yesha, kwa jina la bintiye mkubwa.

Kazi inayowalisha ni visu vya mashine za kukoboa. Kisu cha kinu si cha kukatia nyama. Ni chuma bapa, chembamba, kinachokaa karibu na rola na kuyavua maganda ya mpunga au mahindi. Ili kiwe kigumu hupikwa motoni, na kikitoka motoni huwa kimepinda kidogo, upinde ambao jicho halioni lakini mpunga unauona, maana unavunjika. Kwa hiyo lazima kichongwe upya kinyooke. Kukibana kwenye jiliwa haiwezekani, kinazidi kupinda. Hulazwa juu ya meza ya sumaku: kibao kizito cha chuma chenye sumaku tumboni. Ukizungusha mkono wake, sumaku inashika, ukiurudisha, inaachia.

Sasa jambo lililomnyima Urvashi raha ni hili. Kisu kilipokuwa juu ya meza, baada ya kuchongwa, kilikuwa kimenyooka kama kioo. Akirudisha mkono tu, akikiinua, kimepinda tena.

"Kaka Salehe, hiki kisu kinatudanganya."

"Hakidanganyi," Salehe alisema. "Sumaku inakivuta mpaka kilale. Tunachonga kisu kilicholazwa kwa nguvu. Tukikiachia kinarudi kwenye tabia yake."

Mafundi wote wanajua hilo, na dawa yao ni kupachika vipande vya bati jembamba chini ya kisu, kwa kubahatisha. Urvashi hakupenda kubahatisha. Alichora meza yenye pini nyingi fupi za chuma zilizosimama juu ya springi, ili ukiweka kisu, kila pini ipande yenyewe mpaka iguse tumbo lake, palipoinuka ipande zaidi, palipoinama ipande kidogo. Nguvu ya sumaku ingepita humo humo kwenye pini.

Salehe aliutazama mchoro akatikisa kichwa. "Ukiwasha sumaku, springi zitalala. Kisu kitavutwa kama zamani."

"Sasa tufanyeje?"

"Kwetu Matombo hakuna nyumba yenye sakafu sawa. Meza ikiyumba unatia kigae chini ya mguu kwanza, ndipo unatua sufuria. Ukianza na sufuria, uji wote chini."

Urvashi alicheka, kisha akaomba penseli. Kigae kwanza, sufuria baadaye. Walitengeneza mkono mmoja wenye kazi mbili: nusu ya kwanza ya mzunguko ilisukuma kabari za pembeni zikazibana pini zisishuke, nusu ya pili ndiyo iliyowasha sumaku. Ilichukua msimu mzima wa masika na vyuma vingi vilivyoharibika, lakini kisu cha kwanza kilichotoka pale kilinyooka juu ya meza na kilinyooka mkononi.

Yesha, ambaye wakati huo alikuwa akisoma chuo kule Mazimbu, ndiye aliyeleta neno hataza nyumbani. Alimweleza mama yake kwamba mvumbuzi anaweza kupewa haki, kwa miaka fulani, ya kuwazuia wengine wasitengeneze alichokivumbua, ila kwanza mkaguzi huchunguza kama kweli ni kipya duniani, si kipya Morogoro tu. Waliandika maombi pamoja, mama na binti. Yesha, kwa ujanja wa vijana, alidai kila kitu: kifaa chochote chenye sumaku na pini zinazopanda na kushuka.

Majibu yalipokuja hayakuwa mazuri. Mkaguzi, aliyejitambulisha kwa jina la Nasra, alikuwa ametafuta katika hataza za nchi nyingine na kumkuta mtu wa zamani sana, mtengenezaji wa vipuri vya cherehani katika nchi ya baridi, aliyekwisha kusajili meza ya sumaku yenye pini na springi. Mchoro wake uliambatanishwa. Kwa hiyo, aliandika Nasra kwa adabu, dai hilo si jipya; kama waombaji wana la kusema, waseme.

Yesha alikasirika mpaka akashindwa kula. Mama yake alikuwa amekwisha kuinamia ule mchoro, miwani puani.

"Mama, husikitiki?"

"Nitasikitika baadaye. Njoo uone, naye ameweka springi. Na hapa, sijui hiki ni nini. Kwa nini aliinamisha pembe hii?"

Kwa siku kadhaa Urvashi hakuzungumzia kitu kingine. Hakuweza hata kulitamka jina la mtu yule, lilikuwa refu na limejaa herufi zisizokaa pamoja, lakini alimfikiria kama jirani aliyehama kabla hajamsalimu. Alikuwa akitengeneza sehemu gani ya cherehani? Ile bapa ya chini, pengine, nayo ikipinda? Nani alimwambia springi zitalala, au hakuna aliyemwambia? Na kwa nini hakuna fundi anayeitumia meza yake leo? Mwishowe akasema anataka kuiunda.

Salehe aliweka chini kikombe cha chai. "Tuunde kitu kilichotushinda?"

"Tuunde tujue kama kimetushinda."

Wakaiunda, kwa kufuata mchoro mstari kwa mstari, bila kuboresha chochote, ingawa mara mbili Urvashi alimkamata Salehe akitaka kusaidia. "Usimsaidie," alimwambia. "Mwache aseme mwenyewe." Walipoimaliza walijaribu kwanza visu vinene, vile vya vinu vikubwa. Vilitoka vizuri kabisa, vizuri kama vya meza yao. Salehe alikwenda mlangoni akasimama akitazama mawingu yaliyoushika mlima, na Urvashi, ambaye alikuwa ameahidi kusikitika baadaye, alihisi ile baadaye imefika.

"Jaribu chembamba," alisema hata hivyo.

Salehe alirudi akalaza kisu chembamba, akawasha. Akaweka rula ya chuma juu ya kisu, ukingo kwa ukingo, akainama kutazama kama kuna mwanga unaopenya katikati. Hakukuwa na mwanga. Kisu kilikuwa kimelala sawa kabla hata ya kuchongwa. Akahamia meza yao, akarudia vilevile. Mwanga ulipenya, mwembamba kama uzi.

"Mama Yesha," aliita polepole, "kwake kimelazwa. Kwetu bado kimepinda."

Waliomba kuonana na mkaguzi ana kwa ana, wakakubaliwa. Walisafiri kwa treni ya umeme kwenda Dar es Salaam, kila mmoja na begi lenye meza ndogo ya mfano, moja ya kwao na moja ya yule mzee wa cherehani. Stesheni, begi la Salehe lilipopita kwenye mashine ya ukaguzi, askari alilirudisha na kutaka lifunguliwe. Akaingiza mkono, na bangili yake ikanasa kwenye kona ya meza, maana mkono wa sumaku ulikuwa umejizungusha njiani.

"Mzee, hii nini?" aliuliza akijivuta.

"Meza," Salehe alisema.

"Meza gani inashika watu?"

Ilibidi wamwonyeshe. Foleni ilikua nyuma yao, na wasafiri badala ya kulalamika walisogea kuona. Askari aliuzungusha mkono mwenyewe, kushika na kuachia, kushika na kuachia, mpaka mwenzake akamkumbusha kwamba treni haimsubiri mtu.

Nasra alikuwa mdogo kuliko walivyomtarajia, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtandio wa kijani, mezani kwake chupa ya maji na ule mchoro wa kale.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba," waliitikia pamoja.

Aliwaonya mapema kwamba hakukubali kuwaona ili awahurumie. "Kazi yangu ni kuuliza. Nikiona tofauti nitasema ipo, nisipoiona nitasema haipo."

"Hilo tu ndilo tunalotaka," alisema Urvashi, na alimaanisha. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa mbele ya mtu anayelipwa kuuliza maswali.

Waliziweka meza mbili sambamba. Urvashi alimpa Nasra kisu chembamba na ile rula, akamwomba afanye mwenyewe. Kwenye meza ya mzee wa cherehani Nasra hakuona mwanga. Kwenye meza ya pili aliuona. Akakunja uso.

"Samahani mama. Kifaa cha kwanza kimekinyoosha kisu. Cha kwenu kimekiacha kimepinda. Sasa kizuri ni kipi?"

"Kinachokiacha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kukinyoosha ni kazi ya mashine ya kuchonga, si ya mkono unaokishika. Kikishikwa kama kilivyo, ukaondoa kilichozidi, kinanyooka na hakirudi. Kikilazwa kwa nguvu, unaondoa kisichozidi."

Nasra alirudia tena kwenye meza yao, safari hii akizungusha mkono polepole na sikio karibu na meza. Akasikia mlio wa kabari, kisha, baada yake, mguno mzito wa sumaku. Akarudia mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Akatazama mchoro wa kale, akafuata mistari kwa kidole. "Hapa pini na sumaku vinafanya kazi kwa wakati mmoja," alisema kama anayejisemea. "Hakuna kitu cha kuzizuia kabla." Kisha akainua uso. "Na visu vinene?"

Salehe alimtazama Urvashi. Urvashi hakusita. "Visu vinene sumaku haiwezi kuvilaza. Hapo meza yake ni nzuri kama yetu."

"Mngeweza kutoniambia."

"Ungeuliza."

Nasra alitabasamu kidogo, akaandika. Aliwaeleza kwamba dai lao kubwa, la pini na sumaku zozote, halina njia. Hilo ni la yule mzee wa zamani, na kwa kuwa muda wake uliisha siku nyingi, sasa ni la watu wote. Lakini mpangilio wa kufunga pini kwanza na kushika baadaye, kwa mkono mmoja, ulikuwemo kwenye maelezo yao tangu mwanzo, na hakuuona popote pengine. Wanaweza kulifinya dai libaki hilo. Halafu akauliza swali ambalo hawakulitegemea: wazo la kufunga kwanza lilikuwa la nani?

"La kaka Salehe," Urvashi alisema.

"Mbona maombi yana jina lako tu?"

Ilikuwa kweli. Yesha alipouliza majina, Salehe mwenyewe alikataa lake lisiandikwe, akisema hataki jina lake litembee maofisini. Nasra alimweleza kwamba si suala la kutaka. Mvumbuzi lazima atajwe, na kuna utaratibu wa kusahihisha.

Salehe akatoa kilichomkaa rohoni. "Binti yangu, nikiandikwa, itakuwa marufuku kumfundisha mtu?"

"Hapana baba. Ni kinyume chake. Hataza ikitolewa, maelezo yote yanachapishwa, mtu yeyote anasoma na kujifunza. Anachokatazwa ni kutengeneza na kuuza bila ruhusa yenu, mpaka muda wenu uishe kama wa huyu."

"Basi niandike," alisema Salehe.

Njiani kurudi Urvashi alikaa dirishani. Dai lao lilikuwa limepungua mpaka likatosha kwenye sentensi moja, na alijishangaa kwamba hakuhisi kunyang'anywa. Alihisi anajua sasa, kwa usahihi, kipi ni chao na kipi si chao, jambo ambalo asubuhi hakulijua.

Hataza ilitoka baada ya mawasiliano mengine marefu, ikiwa na majina mawili. Karakana moja ya Ifakara imekwisha kuomba ruhusa ya kutengeneza meza kama ile, na Salehe amekwenda kuwafundisha. Urvashi kwa sasa anahangaika na vipuri vya shaba, ambavyo sumaku haivishiki kabisa, na wateja wa beringi bado wanasubiri.

Lakini kabla ya kwenda Ifakara Salehe alipanda kwao Matombo na karatasi ya hataza kwenye bahasha. Dada yake mkubwa, Mwanaheri, alikuwa akichambua maharage uani. Aliishika karatasi, akaigeuza huku na huku, akamrudishia.

"Sasa wewe umevumbua nini hasa?"

Salehe alifikiri. "Kushika kitu bila kukinyoosha."

"Na hilo mpaka serikali iandike?"

Salehe alicheka mpaka akakohoa. Kisha akavuta kigoda, akachukua kiganja cha maharage kutoka kwenye ungo, akaanza kumweleza tangu mwanzo.