Ufa Hauhesabu Kura

Katika ukoo wao, fundi mwashi alikuwa yeye, mwanamke aliyeachika. Siku alipoona ufa wa chumba cha mama yake umepanuka hadi vidole vinapenya, aliwaita ndugu akawaambia, "Mama ahame leo."

Baba mkubwa akaguna. "Ndoa yenyewe imekushinda, leo utufundishe habari za nyumba?"

"Ndoa yangu ilivunjika, sikatai. Lakini ninachowaonyesha ni ukuta, baba mkubwa. Usiyachanganye."

"Ukuta huu umesimama tangu enzi za babu yako! Na sote hapa tunasema ni mzima."

"Ufa hauhesabu kura," alijibu, akajitwika godoro la mama yake mbele yao wote. Mama akamfuata nyuma, mto kwapani.

Wiki haikuisha, mvua ikauangusha ukuta juu ya kitanda kitupu. Baba mkubwa akaja mbio, akashika kiuno.

"Umeona? Ulipomhamisha tu, nyumba ikaanguka! Umetuletea mkosi."

Binti akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Haya, wewe tafuta mkosi. Mimi natafuta matofali," akasema, akaokota koleo lake.