Kampuni Haina Kaburi

Nilipoolewa nilikuwa na ulimi mkali, na bado ninao, kwa hivyo haya nitayasema kama yalivyokuwa. Mwaka uliofuata uhuru, bwana yangu aliuza ng'ombe watatu aliorithi kwa baba yake, akaenda ofisini Kakamega na kurudi na karatasi. Ilisema tumepewa shamba Lugari, kipande cha shamba kubwa lililokuwa la kampuni ya Wazungu. Kwetu Bukura tulibanana hadi kuku wa jirani alikuwa anataga jikoni kwangu. Nikafunga sufuria zangu kwa leso, nikamfuata mume.

Hakuna aliyeniambia kwamba ndani ya kipande chetu kulikuwa na mtu.

Alikuwa mzee mwembamba, mjane, aliyeishi kwenye kibanda cha udongo karibu na mkaratusi mkubwa. Kwenye mti huo palining'inia kipande cha reli, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kukigonga kila alfajiri ili vibarua waamke. Wazungu walikuwa wameondoka, vibarua wengi wametawanyika, na yeye bado alikigonga. Asubuhi ya kwanza nilitoka nje nimejifunga shuka, ukungu umelala juu ya nyasi, nikaona milango ya majirani wote ikifunguka kwa pamoja. Wanaume wakatoka na majembe. Hao walikuwa watu huru, kila mmoja na karatasi yake, lakini walishika njia kwa mstari mmoja.

"Unamgongea nani, mzee?" nikamwuliza.

"Ninagonganga tu, mama. Wakisikia, wanaenda. Hata wewe umetoka."

Shamba letu lilikuwa la majimaji. Wakati wa mvua ulikuwa huwezi kuchimba hata shimo la kupandia mgomba lisijae maji. Palikuwa na mahali pamoja tu palipoinuka, pakavu, nyuma ya kibanda cha mzee. Hapo ndipo nilipotaka jiko langu, na hapo ndipo yeye alipokuwa amemzika mkewe. Juu ya kaburi palikuwa na mawe matatu meusi, ya kadiri moja.

Afisa wa mashamba alikuja kumaliza maneno ya vibarua wa zamani. Tuliketi kwenye nyasi, naye akatangaza kwamba asiye na karatasi aondoke kabla ya mvua. Mzee hakuomba shamba. Aliomba pale pakavu tu, kibanda na kaburi.

Bwana yangu akasema mkono mtupu haulambwi. Yeye ameuza ng'ombe, na kama kila aliyewahi kushika jembe hapa atapewa, basi ng'ombe wake wamekwenda bure. Jirani yetu, ambaye zamani alikuwa mwalimu na alipenda maneno makubwa, akasema kosa letu ni kulikata shamba. Tungelilima likiwa zima, mzee akiwa mmoja wetu, na kugawana mavuno. Watu wakamcheka. "Mwalimu, ukilala hadi saa nne, nani atakulimia?" mmoja akamwuliza.

Kisha mzee akasimama.

"Nimefanyia kampuni kazi tangu nikiwa kijana," akasema. "Hata yule Mzungu aliyekuwa hapa alikuwa ameandikwa kazi tu, kama mimi. Kampuni yenyewe sijawahi kuiona. Haina uso, haizeeki, haina kaburi. Sasa imeuza, imekwenda. Nyinyi mna karatasi, sawa. Karatasi inaonyesha mpaka. Lakini hapa bado hamna mtu."

Sote tulijua maana yake, kwa sababu kwetu mtu kwao ni pale alipozika. Mimi niliyasikia kama laana, na hasira ikanipanda. Afisa akamgeukia bwana yangu, akasema mwenye karatasi akikubali kumwachia mzee mahali hapo, serikali haina neno. Bwana yangu, ambaye moyo wake si mgumu, akaniangalia mimi.

"Jiko langu litakaa wapi?" nikasema. "Kwenye maji?"

Mambo yakaishia hapo.

Kesho yake mzee aligonga reli kama kawaida, akatia vyombo vyake katika gunia moja, akashika njia ya soko la Matete. Baadaye tulisikia kwamba anabebea watu mizigo huko. Nyundo yake aliondoka nayo. Tulibomoa kibanda, nikajenga jiko hatua chache kutoka kwenye kaburi, na yale mawe matatu nikayachukua kuwa mafiga. Sitasema sikujua. Nilijiambia mawe ni mawe.

Alfajiri iliyofuata reli ililia.

Tulikimbia wote hadi kwenye mti. Hapakuwa na mtu, na umande chini yake haukuwa umekanyagwa. Mwalimu akasema ni upepo. Upepo gani wa kutikisa chuma ambacho mwanamume mmoja hawezi kukibeba peke yake? Siku ya tatu bwana yangu na wenzake wakakishusha na kumpa fundi wa majembe. Lakini saa ile ile ikifika, bila sauti yoyote, tulikuwa tunaamka, na milango inafunguka pamoja. Niliogopa zaidi ya mwanzo.

Na kule jikoni, figa moja halikushika moto. Maji ya obusuma, ugali wetu, yalikuwa yanachemka, nami naweka kiganja juu ya jiwe lile, na ni baridi. Sikumwambia mtu.

Nikajifungua mtoto wa kike. Kila alfajiri nilimkuta yuko macho kabla yangu, ametulia, anatazama upande wa jikoni na kutabasamu, kama mtoto anavyomtabasamia mtu anayemchezea. Nilikuwa ninamgeuza upande wa ukuta. Yeye alikuwa anageuka tena.

Alipofika miezi minne alishikwa na homa. Ilikuwa mvua kubwa, na siku mbili tu zilitosha. Bwana yangu akachimba kaburi kando ya nyumba, maji yakajaa. Akachimba karibu na ua, maji yakajaa. Akachimba mara ya tatu, kisha akaingia ndani, tope hadi magotini, akasimama mbele yangu. Nilijua pamebaki wapi. Tulimzika mwanangu pale pakavu, kando ya mke wa mzee.

Alfajiri nilitoka, nikamkuta mzee amechutama pale, gunia kichwani kwa ajili ya mvua. Hatukuwa tumemtuma mtu Matete. Nilingoja aseme ninachostahili, kwamba sasa tuna mtu.

Hakuniangalia. Aliweka mkono juu ya udongo mpya, akausawazisha.

"Mke wangu alipendanga watoto," akasema. "Mungu hakumpa. Usilie sana, mama. Atamlea."

Ndipo nilipolia kilio ambacho sikuwa nimelia hata siku ya kifo. Kisha nikaingia jikoni, nikang'oa mafiga yote matatu. Mawili yalikuwa bado na joto la moto wa jana, nikayabeba kwa leso. La tatu nililibeba kwa mikono mitupu. Nikayarudisha juu ya kaburi la mwanamke yule, jinsi yalivyokuwa.

Nikamwomba mzee akae. Nilimwambia nitazungumza na bwana yangu, nitazungumza na afisa, jiko nitalihamisha. Akanyanyuka polepole, akasema kuna mizigo ya watu inayomngoja sokoni, akaondoka.

Siku hiyo hatukupika.